Kuboresha Breki za Gari Dogo

Umewahi kuteremka mlima kwa baiskeli huku umeshika breki? Ukifika chini, sogeza kidole chako karibu na raba za breki. Utasikia joto. Joto hilo limetoka wapi? Hukuwasha moto, na hata siku ya mawingu raba hizo hupata joto vile vile. Sugua viganja vyako kwa nguvu huku ukihesabu mpaka 20, nawe utapata sehemu ya jibu.

Watu husema kwamba breki "huua mwendo". Usemi huo unafaa barabarani, lakini haufai katika somo letu. Kitu kinachokwenda kina nishati, na nishati haifi; hugeuka kuwa nishati ya namna nyingine. Breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano, kisha joto hilo hutoka na kuingia hewani. Mtu anayetaka kuboresha breki za gari lake budi ajiulize kwanza: joto litakwenda wapi?

Tuseme familia moja inatoka Lushoto, katika milima ya Usambara, kwenda Tanga kwa gari dogo. Gari hilo, pamoja na watu na mizigo, lina kilo 1200. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ina urefu wa zaidi ya kilometa 30. Ina kona nyingi kali, na huteremka karibu meta 1000. Kila kilo moja inaposhuka meta moja hutoa nishati ya jouli 10 hivi. Kwa hiyo gari zima litatoa:

1200 × 10 × 1000 = jouli 12,000,000

Kama nishati hiyo yote ingegeuka kuwa joto la kuchemshia maji, ingetosha kuchemsha takribani madebe mawili. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, matairi na injini. Lakini dereva anayeteremka kwa gia kubwa, mguu ukiwa juu ya breki njia nzima, huzibebesha breki sehemu kubwa ya mzigo huo. Ndiyo sababu madereva wazoefu hushuka mlima kwa gia ndogo, ili injini nayo isaidie kulizuia gari.

Hata kwenye barabara tambarare kuna hesabu ya kushangaza. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa huweza kusimama katika meta 9 hivi za lami kavu tangu breki ziliposhika. Likienda kilometa 80 kwa saa huhitaji kiasi cha meta 35.

Jaribio: Nguvu ya mguu hufikaje kwenye magurudumu?

Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, moja dogo na moja kubwa, bila sindano zake. Yajaze maji, uyaunganishe kwa mpira mwembamba uliojaa maji pia. Hakikisha hakuna pofu la hewa ndani. Mwambie mwenzako azuie pistoni ya bomba kubwa kwa kidole gumba. Wewe sukuma pistoni ya bomba dogo. Utamshinda kwa urahisi, hata kama yeye ana nguvu kukuzidi. Lakini tazama vizuri: pistoni yako imekwenda mbali, yake imesogea kidogo tu.

Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Kanieneo katika maji yaliyofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Katika gari, kanyagio la breki husukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya silinda kuu, nayo husukuma mafuta ya breki katika mirija hadi kwenye pistoni kubwa za magurudumu. Ikiwa pistoni kubwa ina eneo mara sita ya ile ndogo, nguvu hutoka mara sita, na mwendo wa pistoni hupungua mara sita.

Sasa ingiza pofu la hewa katika mpira wako, usukume tena. Pistoni yako inabonyea, lakini ya mwenzako haisogei sawasawa. Hewa imekubali kubanwa, maji hayakukubali. Ukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Drami na diski

Magari madogo mengi yana breki za diski mbele na za drami nyuma. Drami ni chuma chenye umbo la sufuria kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake vipande viwili vilivyopinda hutanuka na kukisugua. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi. Pedi mbili huibana kutoka pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyobana sahani ya kulia chakula. Diski hupoa upesi kwa sababu upepo huifikia. Drami hufungia joto ndani, tena ikipata moto hutanuka na kujitenga na vipande vinavyoisugua. Diski huwekwa mbele kwa sababu gari linapopunguza mwendo ghafla, uzito huegemea mbele, kama wewe unavyoyumba mbele basi linaposimama. Magurudumu ya mbele ndiyo yafanyayo kazi kubwa.

Joto likizidi, mambo mawili huweza kutokea. Kwanza, pedi hupoteza msuguano: kanyagio ni gumu chini ya mguu, lakini gari halipungui mwendo. Pili, mafuta ya breki huchemka na kufanya mapofu. Hapo kanyagio huzama mpaka chini kama pistoni ya jaribio letu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za sentigredi, na ya DOT 4 kwa nyuzi zisizopungua 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji ya kutosha, DOT 3 huweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Kwa hiyo mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka mingi huweza kuonekana mazima mjini, yakamsaliti dereva mlimani.

Basi mwenye gari letu la Lushoto akienda kwa fundi na kusema, "Fundi, nataka breki kubwa zaidi," fundi mwema humjibu, "Mzee, tuzitazame kwanza hizi ulizo nazo." Atapima unene wa pedi na diski, atatazama mirija kama imepasuka, atamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, na kutoa hewa yote. Hatatia mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa kuwa huharibu raba za ndani. Wala hatapuliza vumbi la breki, kwani pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Kazi hii haipendezi macho, lakini magari mengi hayahitaji zaidi yake.

Kama gari hubeba mizigo mizito milimani kila siku, pedi zinazostahimili joto zaidi zitafaa. Zisiwe pedi za magari ya mashindano, kwa maana hizo hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi watoto wanapopelekwa shule breki huwa baridi. Hatua inayofuata ni diski nene zenye nafasi katikati, ambamo hewa hupita na kuchukua joto, au diski zenye kipenyo kikubwa zaidi. Diski zilizotobolewa matundu usoni huwavutia vijana, lakini kwa gari la nyumbani faida yake ni ndogo, na nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu hayo.

Kila badiliko huvuta jingine. Ukiweka pistoni kubwa zaidi kwenye magurudumu na kuiacha silinda kuu ya zamani, kanyagio litashuka zaidi kabla ya breki kushika. Jaribio letu limekwisha kukuonyesha sababu. Ukiongeza nguvu za breki za nyuma kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza, na gari litageuka upande katika lami yenye maji.

Tena kuna mpaka ambao breki haziwezi kuuvuka. Gari husimamishwa na msuguano kati ya tairi na barabara. Ikiwa breki za sasa zinaweza kufunga magurudumu, breki kubwa zaidi hazitafupisha meta zile 35 katika kusimama mara moja. Zitasaidia tu breki zinapotumika mara nyingi mfululizo na joto kuongezeka. Mwenye tairi zilizolika atatumia fedha zake vizuri zaidi dukani kwa muuza matairi.

Maswali

1. Kwa nini gari linaloshuka mlima polepole kwa gia ndogo hupata joto dogo katika breki zake?

2. Gari la kilo 900 linashuka kilima cha meta 200. Nishati inayotoka ni jouli ngapi?

3. Kanyagio la breki huzama mpaka chini baada ya kuteremka mlima mrefu. Gari likipumzishwa kwa muda, kanyagio hurudi kuwa gumu. Eleza kilichotokea ndani ya mirija.

4. Tembelea gereji iliyo karibu na shule pamoja na mwalimu wako. Mwombe fundi akuonyeshe diski iliyolika na diski mpya. Pima unene wa kila moja, uandike tofauti yake kwa milimeta.