Je, Wajua? Ukoo wa Moodie, Kutoka Kisiwa cha Hoy Hadi Chimanimani

Visiwa vilivyowekwa rehani kwa mahari
Mwaka 1468 mfalme wa Denmark alikubali kumwoza binti yake kwa mfalme wa Scotland, lakini fedha za mahari hazikutimia. Akaviweka rehani visiwa vya Orkney! (Kwao, kumbuka, enzi hizo aliyetoa mahari alikuwa baba wa bibi harusi.) Deni halikulipwa, na mpaka leo Orkney ni sehemu ya Scotland. Kwenye kimojawapo cha visiwa hivyo, Hoy, ndiko kulikokuwa na Melsetter, shamba la ukoo wa Moodie. Karne tatu na nusu baadaye, madeni yaliwang'oa na wao.

Mafundi 200 wakashuka melini, wengi wakatoweka
Benjamin Moodie alirithi Melsetter pamoja na madeni yake. Mwaka 1817 akaja na wazo: awasafirishe vijana wa Scotland wapatao 200, mafundi wa kila aina, hadi rasi ya kusini mwa Afrika, nao wamrudishie nauli kwa kazi yao. Walipofika, wakagundua kwamba fundi mzuri alilipwa vinono Cape Town, na wengi wakamtoroka. Benjamin akabaki na hasara na shamba lake jipya karibu na Swellendam, Grootvadersbosch, yaani "msitu wa babu". Jina lilimtangulia, lakini likamfaa: wazao wake wameendelea kulima na kufuga huko hadi karne hii.

Mdogo mtu aliponea kwa tembo, akaishia kwenye theluji
John Dunbar Moodie alimfuata kaka yake mwaka 1819 na kukaa miaka kumi, na katika kuwinda alinusurika chupuchupu kufa chini ya miguu ya tembo. Mwaka 1832, baada ya kurudi Uingereza na kuoa, alihamia Kanada, ambako miti ya kukata ilikuwa mingi kuliko majirani. Kitabu cha mkewe, Susanna, kuhusu tabu za huko kilitoka mwaka 1852, na Wakanada wangali wanakisoma.

Harusini alikuwepo mwanamke aliyezaliwa mtumwa
Hili ndilo lililonifanya niweke kikombe mezani. Kabla ya kuolewa, Susanna aliandika simulizi ya Mary Prince, mwanamke aliyezaliwa utumwani Bermuda na aliyemwacha bwana wake baada ya kuletwa London. Mary alisimulia, Susanna akaandika, na kitabu kikachapishwa mwaka 1831: cha kwanza cha maisha ya mwanamke mweusi kuchapwa Uingereza. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani kwa Thomas Pringle, katibu wa chama cha kupinga utumwa, Mskoti aliyetembelea magongo na ambaye naye aliwahi kuwa mlowezi mpakani mwa koloni la Cape, kuanzia 1820. Aprili ya mwaka huohuo wa 1831, Pringle alisimama mahali pa baba kumkabidhi Susanna kwa John Moodie, na Mary, kavaa nguo mpya toka juu hadi chini, akapanda mbele ya gari la farasi kwenda kushuhudia.

Taa ya barabarani iliyowashwa kwa umeme wa jirani
George Pigot Moodie, wa kizazi kilichofuata, alijitajirisha kwa ardhi ya dhahabu karibu na Barberton. Mwaka 1891 aliwapa watu wa Rondebosch, Cape Town, hodhi la chuma la kunyweshea farasi, na juu yake taa ya umeme. Umeme wenyewe ulitoka nyumbani kwake, Westbrooke! Nyumba hiyo leo inaitwa Genadendal, na ni makazi ya rais wa Afrika Kusini awapo mjini humo.

Bamvua ya miaka bilioni 3.2
Milima ya huko Barberton ina miamba ambayo wanajiolojia wameiita Moodies. Fuvu la Zinjanthropus la Olduvai lina miaka milioni 1.75, miamba hii imelizidi mara 1,800 na ushee. Ndani ya mchanga wake uliogeuka jiwe mna tabaka nene na nyembamba zinazopokezana, alama za bahari iliyokupwa na kujaa. Mvuvi wa Pemba angezisoma: hapa bamvua, hapa maji mafu. Wakati huo duniani hapakuwa na samaki hata mmoja wa kuvua, ila utando wa vijidudu tu.

Mji uliobatizwa jina la shamba la ng'ambo
Mwaka 1892 Thomas na Dunbar Moodie, wa kizazi cha baadaye, waliongoza msafara wa magari ya ng'ombe kwenda Gazaland, mashariki ya Zimbabwe ya leo, kwa baraka za Cecil Rhodes, aliyetaka kuwawahi Wareno. Nchi ilikuwa na wenyewe, Wandau, ambao mara wakajikuta wapangaji kwenye ardhi ya babu zao. Makao mapya yakaitwa Melsetter. Baada ya uhuru jina hilo lilifutwa, na sasa mji ni Chimanimani, uleule ambao wengi tuliusikia redioni Machi 2019 Kimbunga Idai kilipoupiga.

Melsetter ya Hoy bado imesimama. Ila si ya akina Moodie: tajiri wa viwanda kutoka Birmingham aliinunua, na mwaka 1898 akaijenga upya kwa namna aliyoipenda yeye.