Triko nyeusi yenye kung'aa: muchango wetu usiishie katika besheni



Kila mwaka, mbele ya tarehe 1 mwezi wa tano, madelegate ya sendika wanaagiza triko za kutembea nazo kwa Sikukuu ya Kazi. Zamani zilikuwa nyeupe na maandishi ya bluu, basi. Sasa kila mutu anataka nyeusi, ao bluu ya usiku, na maandishi yenye kung'aa: rangi ya shaba, ya zahabu, ya sufuria mpya.

Tunaelewa sababu. Sisi ni watu wa shaba. Provinsi yetu yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, na zamani sana bankambo walitengeneza misalaba ya shaba, wakaitumikisha kama feza. Mutu anayevaa musalaba ule kifuani, uking'aa kwa jua, anajua anatoka wapi.

Lakini tumeona pia kitu kingine. Triko inafulwa mara tatu, na ule musalaba unabaki kivuli cha kijivu. Feza ya triko zile haikuanguka toka mbinguni: ni muchango uliokatwa kwa mushahara wa mutu anayeshuka katika shimo. Njo maana tunaandika habari hii. Delegate anayeenda kuagiza ajue kazi inafanywa namna gani, na mama ao kijana mwenye atelie ndogo ajue namna ya kuifanya ikae.

Kinachong'aa ni nini?

Rangi ya kawaida ni unga laini sana uliochanganywa na plastiki ao maji. Rangi ya kung'aa iko tofauti: ndani yake kuna vipande vidogo, bapa kama magamba ya samaki. Vikilala vizuri juu ya kitambaa, vinarudisha mwangaza kama vioo. Vikisimama ovyo, kung'aa kunapotea.

Magamba yale yako ya aina tatu. Ya kwanza ni alimini, njo ile rangi ya sufuria mpya. Ya pili ni shaba iliyochanganywa na zinki: shaba ikizidi, rangi inaelekea nyekundu; zinki ikizidi, inaelekea manjano kama zahabu. Ile shaba sisi tunaijua: jasho na unyevu vinaifanya iwe nyeusi, hata kwa triko. Ya tatu ni mika, jiwe linalopasuka kurasa kurasa, ambalo linapakwa oksidi ya titani ao ya chuma ili lipate rangi. Mika haishikwe na kutu. Kwa triko ya kuvaa na kufula kila wiki, njo tunaipendekeza. Soma ndoo mbele ya kununua.

Weusi unakula rangi

Ile rangi inayobeba magamba inapitisha mwangaza. Ukiipiga moja kwa moja juu ya kitambaa cheusi, weusi unatokea kati ya magamba, na shaba inageuka matope. Dawa yake iko. Kwanza unapiga rangi ya chini isiyong'aa: kijivu chini ya alimini, manjano chini ya zahabu, kahawia inayoelekea machungwa chini ya shaba. Unaikausha kidogo tu, mpaka haishike tena kidole, kisha unapiga ile ya kung'aa juu yake. Ukiivisha kabisa rangi ya chini, ya juu haitashikana nayo vizuri.

Kitambaa nacho kiwe pamba tupu. Poliesta ikipata moto inatoa rangi yake, na rangi hiyo inapanda ndani ya maandishi.

Kadre na herufi

Kadre ya serigrafi ni kitambaa cha nyuzi kilichokazwa kwa fremu, na rangi inapita katika matundu yake. Kwa maandishi ya kawaida, wachapaji wengi wanatumia kitambaa cha nyuzi 55 mpaka 77 kwa sentimetre moja. Magamba hayapite vizuri pale: yanaziba matundu, na mwenye kazi anaongeza nguvu kwa rakleti mpaka anaharibu triko. Kwa rangi ya kung'aa, nyuzi 34 mpaka 43 ndizo zinafaa. Ile yenye chembe kubwa, payeti, inataka matundu makubwa zaidi.

Kwa sababu matundu ni makubwa, mistari miembamba haitoke safi. Musalaba mukubwa, jina la sendika kwa herufi nene: ndiyo. Lakini kama munataka kuandika nyuma «1941», kukumbuka batumikaji wa Union Minière waliouawa kwa risasi Élisabethville wakati wa mugomo wa mwezi wa 12, ao sentensi ndefu ya madai yenu, ipigwe na nyeupe ya kawaida. Kung'aa kunafaa kwa alama. Madai yanapaswa kusomeka toka mbali.

Moto njo unafunga kazi

Rangi ya aina ya plastisoli haikauke na hewa, hata ukiianika juma nzima. Inataka joto karibu 160 °C, na joto lile lifike mpaka chini, kwenye kitambaa. Hapa njo triko nyingi zinaharibika: magamba ya chuma yanarudisha joto sawa vile yanarudisha mwangaza, na kuna tabaka mbili za rangi. Mutu anagusa juu, anaona imekauka, anakunja. Tena nguvu ya umeme ikishuka, presi nayo inapoa, na kuhesabu sekunde hakuna maana tena. Atelie yenye presi ya zamani na kipima-joto inashinda ile yenye presi mpya bila kipima-joto.

Neno moja kwa wale wanaofanya kazi hii nyumbani: musinunue unga mukavu wa alimini kuuchanganya wenyewe kando ya mbabula. Unga ule ukiruka hewani karibu na moto unaweza kulipuka, na unga wa shaba unaumiza mapafu. Vumbi ni kitu gani, familia zetu zinajua. Nunueni rangi iliyochanganywa tayari, na mufungue madirisha.

Mbele ya kulipa

Omba triko moja ya kujaribu. Vuta maandishi kwa mikono miwili: yakipasuka kama udongo mukavu, moto haukutosha. Ifule mara tano na sabuni ya kila siku, kisha uitazame kwa jua. Uliza: ni pamba tupu? Kadre ni ya nyuzi ngapi? Chini umepiga rangi gani? Joto ulilipima na nini? Mutu anayejua kazi yake hatakasirika. Lipa nusu mbele, nusu nyingine kisha kuhesabu na kutazama.

Nyumbani, triko igeuzwe ndani nje mbele ya kufulwa, bila javeli, na pasi isiguse maandishi.

Kung'aa si ulinzi

Hapa tunasema kwa nguvu. Kuna wenzetu wanaotoka kazi ya usiku na triko ya namna hii, wanatembea kando ya barabara ambapo malori ya mugodi yanapita, wakifikiri dereva atawaona. Hapana, bandugu. Mikanda ya jile ya kazi ina shanga ndogo sana za kioo, ao prizma, zinazorudisha mwangaza wa taa kule kule ulikotoka, mpaka kwa macho ya dereva. Magamba ya triko yanautawanya huku na kule. Kwa jua triko inang'aa. Mbele ya taa za lori, triko nyeusi inabaki nyeusi. Jile ya kweli ina etiketi yenye namba EN ISO 20471. Ni patro anayepaswa kuitoa, na triko ya sendika haimuondolee deni lile.

Jambo la mwisho: ile mika inachimbwa na nani? Nyingine inatoka Jharkhand na Bihar, kule Uhindi, na kusini mwa Madagaska, ambako batoto wanaonekana wakiichimba na kuichambua. Sisi ambao dunia inatuuliza kila siku juu ya batoto katika kobalti, tumuulize pia muuza rangi: mika hii imetoka wapi? Kuna pia mika inayotengenezwa katika kiwanda, anaweza kuiagiza.

Basi delegate, kazi ipelekwe kwa atelie ya kartie inayojibu maulizo haya bila kuficha, kama ni ya mama ao ya kijana wetu, vizuri zaidi. Muchango wa mutumikaji urudi kwa nyumba ya mutumikaji, na triko ya mwaka huu ivaliwe tena mwaka kesho.