Kahawa Sebuleni, Mgomba-mwitu Barazani

Anayetaka majani mabichi sebuleni, awe Mbeya au Iringa, amezoea njia mbili. Ataomba kipandikizi kwa jirani akichomeke kwenye kopo, au atanunua mche kwa wenye vitalu kando ya barabara na kuupakia kwenye bajaji. Siku hizi imeingia njia ya tatu: pakiti ya mbegu iliyoagizwa kwa simu, yenye picha ya jani la mabaka meupe, ya waridi, hata ya buluu. Wengi wameagiza, wamemwagilia, wamesubiri, kisha wakahitimisha kwamba maua ya majani hayaoteshwi kwa mbegu. Hitimisho hilo si la haki. Mbegu ni njia nzuri, na kwa nyanda hizi za juu huenda ikawa nzuri kuliko zote, ila mbegu inayotufaa haiji kwa posta. Iko Rungwe na Mbozi kwa wakulima wa kahawa, iko kwenye makorongo inakoota migomba-mwitu, tena inapatikana ingali mbichi, na ubichi huo ndio jambo lenyewe.

Tuanze na pakiti, maana ndiyo inayokula fedha za watu. Uko mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo na michirizi ya manjano, ambao wengi wanauita mani planti. Mmea huo karibu hauchanui kabisa. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwa nini: jeni yake mojawapo inayohusika na kutengeneza jibereli, homoni ambayo huuamsha mmea huo utoe maua, ina hitilafu. Pasipo ua hakuna tunda, na pasipo tunda hakuna mbegu. Anayekuuzia mbegu za mani planti, basi, anakuuzia mbegu za kitu kingine. Na yale mabaka meupe? Hizo ni sehemu za jani zisizo na klorofili, na katika mimea mingi hali hiyo hairithiwi kwa mbegu kama mnunuzi anavyotarajia. Mche utatoka wa kijani kitupu, au utatoka mweupe wote na kufa njaa baada ya kumaliza akiba ya mbegu, kwa kuwa hauna cha kujitengenezea chakula. Kusema kweli, koleusi haimo katika lawama hii: majani yake ya rangi hutoka vizuri kwa mbegu, mradi mbegu zenyewe, ndogo kama vumbi, ziachwe juu ya udongo zipate mwanga. Lakini hata kwa koleusi, mbegu za kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Bahasha inayopita kimyakimya inaweza kupita na ugonjwa ambao kesho utamfikia mkulima wa viazi.

Sasa suala la ubichi. Tumelelewa na mahindi na maharage, mbegu ambazo unazikausha, unazitunza, na msimu ujao zinaota kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mazoea hayo tunadhani mbegu zote zina subira hiyo. Mimea mingi ya misitu yenye mvua na kivuli, ambako ndiko yalikotoka maua mengi ya ndani, haijazoea kungoja. Kokwa la parachichi likikauka limekufa. Mbegu ya kahawa inavumilia zaidi kidogo, lakini ikihifadhiwa kwa kawaida nguvu yake huanza kushuka baada ya miezi michache. Hebu fikiria mbegu iliyokaa ghalani ng'ambo, ikasafiri wiki kadhaa, ikalala kwenye joto la bohari. Mnunuzi aliyeko Uingereza hana njia nyingine. Anayeishi Tukuyu anayo, na akiikataa anajinyima mwenyewe.

Kahawa kama ua la ndani inaweza kuonekana kichekesho kwa aliyekua akiivuna. Hiyo ni zao, watasema, inaleta ada ya shule, haikai karibu na televisheni. Lakini safari ya kahawa kuelekea Magharibi imepitia kwenye vyungu. Mwaka 1706 mche uliotoka Java ulifika bustani ya mimea ya Amsterdam, na mwaka 1714 wakuu wa mji huo wakamtunuku mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mche wa kahawa, uliotunzwa Paris ndani ya nyumba ya vioo. Leo maduka ya maua ya Ulaya huuza vyungu vidogo vya kahawa kwa ajili ya majani tu: ya kijani kilichoiva, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, kingo zake zikijikunja mawimbi. Tena asili yake inaifanya ifae ndani ya nyumba. Kahawa ya arabika ni mti wa chini ya miti mingine katika misitu ya milimani ya Ethiopia; kivuli chepesi na baridi ya wastani ndiyo maisha yake. Ua la pwani linaloletwa Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huteseka mwezi Juni usiku ukishuka chini ya nyuzi 10. Kahawa iliyowekwa ndani, mbali na upepo wa dirisha, huvumilia.

Kuiotesha hakuhitaji kifaa. Omba tunda jekundu lililoiva barabara, au mbegu iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa kivulini, ingali na ganda lake jembamba gumu. Ile iliyokobolewa mashineni na kukaa guniani muda mrefu usihangaike nayo, na ya kukaanga ni ya kunywa. Mavuno ya nyanda hizi hufanyika hasa kati ya Mei na Septemba, wakati baridi imekaza, kwa hiyo itunze mbegu mahali pa ubaridi pasipo jua na uipande Septemba au Oktoba joto linaporudi. Bandua ganda kwa kucha bila kuujeruhi moyo wake, iloweke usiku mmoja, ilaze upande bapa chini, kina cha sentimita moja. Halafu subira: wiki sita ni kawaida, na kukiwa na ubaridi miezi miwili au zaidi. Kwanza litatokea shina lililopinda kama kulabu, litanyooka likiwa limebeba mbegu nzima kichwani, na siku kadhaa baadaye mbegu itapasuka na kukunjua majani mawili ya duara, laini, yasiyofanana hata kidogo na majani ya kahawa unayoyajua. Hapo usiusaidie mche kwa kuvuta ganda lililong'ang'ania. Lowesha ganda, uache.

Udongo ndio unaoharibu wengi. Udongo mwekundu wa Iringa ukijazwa peke yake kwenye kopo hushikamana, maji yakatuama, na kinyausi kikaangusha miche yote shingoni kwa siku mbili. Uchanganye na mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva. Vumbi la mbao la Mafinga linapatikana kwa wingi, ila likiwa bichi hunyonya naitrojeni wakati wa kuoza na kuacha miche ya manjano, lisubiri lioze. Watu wa Mbeya wana bahati ambayo wauzaji wa vifaa vya bustani wangependa msiijue: mawe mepesi yenye matundumatundu yaliyotapikwa na volkano za Rungwe. Yakipondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi hupitisha maji na kushika unyevu kiasi, kazi ileile ya kokoto nyeupe zinazouzwa mifukoni kwa bei ya ajabu.

Pingamizi zito zaidi ni la kipandikizi. Kwa nini nisubiri miezi wakati jirani atanikatia tawi bure leo? Kwa ua moja la dirishani, katiwa tawi, hakuna ubishi. Lakini kipandikizi ni mmea uleule uliogawanywa: magonjwa ya virusi ya mama huhamia kwa watoto, na udhaifu wake wa baridi vilevile. Virusi vingi haviingii kwenye mbegu, ingawa si vyote. Katika mimea inayochavushana, kila mche pia hutofautiana na mwenzake, hivyo mwenye kitalu anaweza kuchagua iliyostahimili Julai na kuendelea na uzao wake. Arabika, kwa haki, hujichavusha yenyewe na miche yake hufanana sana. Faida yake ni bei: tunda moja lina mbegu mbili, na mwenye debe moja hana wa kumwomba tawi.

Na iko mimea ambayo kipandikizi chake hakipo. Mgomba-mwitu, ndugu wa mgomba ambaye ndizi zake haziliki, hautoi machipukizi pembeni kama migomba ya shambani. Huchanua mara moja, huzaa, hufa, na uzao wake wote umo kwenye mbegu nyeusi ngumu kama kokoto. Okota zilizoanguka, nje ya hifadhi, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu siku moja au mbili ukiyabadilisha, kisha zipande mahali penye joto. Nyingine zitaota mwezi wa pili, nyingine zitakaa kimya nusu mwaka, kwa hiyo kopo usilimwage mapema. Mche mchanga wenye mshipa mwekundu chini ya jani ni pambo ambalo wapenda bustani wa Ulaya hulifunika lisife wakati wa baridi. Utakaa barazani mwaka mmoja, labda miwili. Baada ya hapo majani yatagonga dari, na itabidi uhamishiwe uani, mbali na ukuta na bomba la maji.