Mali ya Babu Ipo Berlin: Kesi Ifunguliwe Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona namna vitu vilivyotekwa na majeshi ya Wajerumani katika nchi hii vilivyoishia kwenye makumbusho ya Berlin. Leo tujibu swali wanaloniuliza wengi: anayedai chake aende mahakama gani?

Tuseme kuna ukoo Malindi, huko juu Lushoto, ambao ngoma yao ilichukuliwa zama zile Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Wazee wanateremka hadi Mahakama Kuu, Tanga, na hati ya madai dhidi ya Serikali ya Ujerumani. Kabla hata ya kuuliza ngoma ni ya nani, Jaji atauliza kama ana mamlaka juu ya mdaiwa. Wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hapohapo Lushoto, watakwambia: dola haishtakiwi katika mahakama ya dola nyingine bila ridhaa yake. Siku hizi nchi nyingi huiondoa kinga hiyo pale dola inapofanya biashara. Lakini kuteka mali kwa bunduki si biashara. Ni tendo la kidola, na kwa ajabu ya sheria, hapo ndipo kinga inaposhika zaidi.

Italia ilijaribu kuilegeza. Mahakama zake zilipokea madai ya watu walioteswa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ikakimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na mwaka 2012 ikashinda. Uzito wa uovu, walisema majaji, hauiondoi kinga.

Marekani ina upenyo. Sheria yake ya mwaka 1976 inaruhusu, kwa masharti, dola ya kigeni kushtakiwa kwa mali iliyotwaliwa kinyume cha sheria ya kimataifa. Kwa upenyo huo Maria Altmann aliishtaki Austria kwa michoro ya Klimt iliyoporwa familia yake wakati wa Wanazi, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikamruhusu aendelee. Hata hivyo, waliompa michoro mitano ni wasuluhishi waliokaa Austria kwenyewe, mwaka 2006.

Waherero na Wanama wa Namibia walipita njia hiyohiyo New York mwaka 2017, wakidai fidia kwa mauaji na mali zao zilizotwaliwa na Wajerumani. Sheria inataka mali iliyotwaliwa, au kilichopatikana kwa mali hiyo, kiwe na uhusiano na biashara iliyopo Marekani. Walitaja majengo ya Ujerumani mjini humo. Uhusiano haukuthibitika, kesi ikatupwa mwaka 2019, na rufaa nazo zikagonga mwamba.

Basi Berlin kwenyewe? Huko kinga haipo, kwa kuwa dola inashtakiwa nyumbani kwake. Tatizo ni muda: sheria ya madai ya Ujerumani humpa mwenye mali miaka 30. Mkataba wa UNESCO wa 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977 na Ujerumani 2007, nao hauangalii nyuma.

Sasa tazama vilivyorudi. Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, liliandikwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, likafika Kalenga mwaka 1954. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilionekana Geneva, kikarejeshwa 2010 baada ya mazungumzo marefu. Hati ilikiita zawadi! Umeibiwa, kisha unazawadiwa chako. Lakini kilirudi, na hakuna hakimu aliyekirudisha.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi Songea kwa maovu ya ukoloni wao. Anayeweza kuketi mezani na Ujerumani ni Serikali yetu, nayo haiendi mikono mitupu. Kwa hiyo wenye koo zilizonyang'anywa waandike: kitu gani, cha nani, kilichukuliwa wapi, nani alisimulia. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe Makumbusho ya Taifa wakati wazee wangali hai.