Simu mpya za Barcelona: Ya kutazama kabla ya kuagiza mzigo

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, watengenezaji wa simu za mkononi hukutana Barcelona, Hispania, kuonesha bidhaa zao mpya katika maonesho ya Mobile World Congress. Picha na bei za simu hizo hufika Kariakoo, Nairobi na Kampala kabla mzigo haujatoka kiwandani, na hapo ndipo wafanyabiashara huanza kupiga hesabu.

Hata hivyo, simu inayosifiwa ukumbini si lazima iwe ndiyo itakayouzika Namanga, Sirari au Rusumo. Uzoefu wa miaka iliyopita unaonesha hivyo.

Mwaka 2005, maonesho hayo yakiwa bado yanafanyika Cannes, Ufaransa, umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, ulitangaza kwamba Motorola imeshinda zabuni ya kutengeneza simu ya bei chini ya dola 40 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Baadaye mwaka huo huo bei hiyo ilishushwa hadi chini ya dola 30. Simu hizo hazikuwa na mbwembwe, lakini ziligusa mfuko wa mnunuzi wa kawaida.

Mwaka 2013, Barcelona, Nokia ilileta modeli ya 105 kwa euro 15. Ilikuwa na tochi, redio, vitufe vinavyostahimili vumbi, na betri iliyotajwa kukaa hadi siku 35 kama simu haitumiki. Kwa dereva wa lori anayelala foleni mpakani, hizo ndizo sifa zenye maana.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya Nokia 3310 iliyofufuliwa, kwa euro 49. Watu walijaa kuitazama kwa kukumbuka ile ya zamani. Lakini toleo hilo la kwanza lilitumia mtandao wa 2G peke yake, katika masafa ya 900 na 1800. Afrika Mashariki lilishika mawimbi bila tabu, ila Marekani halikufaa. Toleo la 3G lilifuata baadaye mwaka huo.

Masafa kwanza

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza. Simu za 2G za ukanda huu hutumia 900 na 1800, wakati Marekani ilizoea 850 na 1900. Modeli moja inaweza kuwa na matoleo mawili au matatu yanayofanana kwa sura. Anayenunua Dubai bila kusoma maandishi ya kwenye boksi anaweza kurudi na simu nzuri zisizoshika mnara vizuri.

Bei ya ukumbini si bei ya dukani

Ile euro 15 ya Nokia 105 ilikuwa kabla ya kodi. Ongeza usafiri, bima, ushuru wa forodha na faida ya wakala ndipo upate bei halisi.

Aidha, tangazo la modeli mpya hushusha thamani ya zile za zamani. Tuchukue mfano: mtu amenunua simu 200 kwa dola 20 kila moja, jumla dola 4,000, akitarajia kuuza kwa dola 23 na kubaki na dola 600. Modeli mpya ikitangazwa na bei ya ile yake ikashuka hadi dola 18, atapata dola 3,600. Amepoteza dola 400, na nauli ya mzigo bado haijahesabiwa. Ndiyo maana si busara kujaza stoo wiki chache kabla ya maonesho.

Namba ya IMEI

Kila simu halali ina namba ya tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Waliokuwa na mzigo bandia walibaki na makopo. Fungua maboksi kadhaa, washa simu, na ulinganishe namba ya kwenye kioo na ya kwenye boksi. Zikitofautiana, au simu mbili zikiwa na namba moja, usilipe.

Kwa wasafirishaji

Betri za lithiamu zina masharti yake. Tangu Aprili 2016, betri za aina hiyo zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Simu zenye betri ndani hupokelewa kwa masharti ya ufungaji. Mwenye mzigo aeleze ukweli kwenye nyaraka, la sivyo utakwama uwanja wa ndege.

Kwa matumizi ya njiani, simu ya laini mbili bado ina faida kubwa: laini ya nyumbani hubaki hewani kwa fedha za simu, na ya nchi jirani hupiga kwa bei ya huko. Karibu na mpaka, chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu, kwani mnara wa ng'ambo unaweza kuidaka na kukukata salio ukiwa bado upande wako.