Ziba oili kabla pikipiki ya babu haijakuangusha

IKIWA babu alikuachia pikipiki kuukuu kutoka Uingereza, iwe ni BSA, Norton au Triumph, bila shaka umezoea kuona doa jeusi sakafuni kila asubuhi. Wengi hulifanyia mzaha, wakisema pikipiki hizo zilizaliwa zikivuja. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ikifika kwenye tairi la nyuma unapokata kona, inaweza kukuangusha mbele ya matatu.

Je, kwa nini huvuja? Chukua mfano wa Triumph Bonneville T120 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1959. Kasha la injini yake limegawanywa wima, hivyo basi kiungo chake hupita hadi chini ambako oili hukusanyika. Kasha la Honda CB750 ya 1969 liligawanywa kimlalo. Isitoshe, pistoni mbili za Triumph hiyo hupanda na kushuka kwa pamoja. Zinaposhuka, husukuma hewa iliyo chini yake. Kipumuo kikiziba, hewa hiyo hujitafutia njia kwenye gasketi huku ikibeba oili.

Kwa hivyo, anza kwa kusafisha kipumuo na mpira wake. Kisha injini ikiwa baridi, ioshe kwa mafuta ya taa ukiwa nje, mbali na moto. Ipanguse ikauke kabisa, uinyunyizie poda ya watoto, halafu uiwashe kwa dakika chache. Poda inapolowa kwanza ndipo penye kasoro. Usidanganywe na matone ya chini, kwani oili huteremka.

Chunguza pia mabomba mawili yaliyosimama mbele na nyuma ya silinda. Raba zake hukauka kwa uzee na dawa yake ni kuzibadilisha tu. Kwa kuwa kichwa cha injini ni lazima kifunguliwe, kazi hiyo mwachie fundi.

Vifuniko vya pembeni waweza kuvishughulikia mwenyewe. Kwangua gasketi nzee kwa kijiti, si kwa bisibisi, ambayo huchimba alumini. Tandaza msasa laini juu ya kioo na usugue kifuniko taratibu hadi kiwe sawa. Weka gasketi mpya. Gundi ya gasketi ipake kidogo sana, kwa maana ikizidi humeguka na kuziba njia za oili. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Kutumia nguvu nyingi huharibu nyuzi za alumini, na hapo hasara huwa maradufu.

Jihadhari na jambo moja. Oili ya pikipiki hizi huhifadhiwa katika tangi lake, si chini ya injini. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa, oili hunyonyoka hadi ndani ya injini na tangi likaonekana tupu. Ukiongeza nyingine, itamwagika. Iwashe kwanza, ufungue kifuniko cha tangi na uhakikishe oili inarudi. Isiporudi, zima mara moja!

Sasa ni wakati wa kuijaribu barabarani. Vaa helmeti, na uhakikishe una leseni na bima. Kumbuka kwamba kabla ya katikati ya miaka ya 1970, pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Aliyezoea za Kijapani atakanyaga gia akidhani ni breki. Fanya mazoezi katika uwanja mtupu kwanza.

Endesha kilomita mbili hivi, usimame, upapase injini kwa kitambaa cheupe na ukague tairi la nyuma. Pakiwa pakavu, ongeza mwendo na umbali. Ukifika nyumbani, tandika gazeti chini yake usiku kucha. Gazeti litakueleza ukweli asubuhi.

Na oili chafu usiimwage mtaroni. Itie kwenye mtungi na umpelekee fundi wa gereji anayeikusanya.