Sura ya 6: "Dada, Umeolewa?"

Swali kama hili huja ghafla, mara nyingi usaili ukiwa umenoga. Umeeleza vizuri ulivyokuwa ukifunga hesabu za mwezi, kisha mmoja wa jopo anaacha kusoma CV na kuuliza: "Umeolewa? Watoto je?"

Sheria iko upande wako. Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au umri, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya 2007 inamkinga mtu kabla hajaajiriwa. Lakini mbele ya watu walioshika riziki yako, kutaja kifungu si hatua ya kwanza. Kwanza tambua anayeuliza anahofia nini.

Anayeuliza habari za watoto kwa kawaida anawaza siku 84 za likizo ya uzazi, zamu za usiku au safari za mikoani. Jibu hofu hiyo, mambo ya nyumbani kwako uyaache nyumbani: "Nadhani mnataka kujua kama nitamudu zamu na safari. Nilikotoka nilifanya zote mbili, na hapa pia niko tayari." Liseme hilo ikiwa ni kweli, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi hujiharibia. Kimya kidogo tu kinawatia wasiwasi, wanaanza kueleza habari za mama mkwe anayelea mtoto na mume aliyehamishiwa Mwanza, na kila neno linazaa swali jingine.

"Wewe mtu wa wapi?" ni jambo tofauti. Baina ya Mchaga na Mpare huenda ni utani tu. Cheka, jibu, rudi kwenye kazi. Likifuatiwa na "watu wa huko tunawajua," sema kwa upole kwamba ungependa wakupime kwa kazi zako.

Yapo pia maswali magumu yenye haki ya kuulizwa. Dereva ataulizwa kuhusu macho yake, kwa kuwa kazi yenyewe inadai hivyo. Na aliyeachishwa kazi ataulizwa kwa nini. Hapo usifiche, maana simu moja kwa mwajiri wa zamani inatosha kukuumbua. Sema kilichotokea kwa sentensi mbili, bila kumsengenya bosi wa zamani, kisha eleza umebadili nini tangu hapo.

Ukitoka na kuona umebaguliwa, andika siku hiyohiyo maswali yalivyoulizwa na nani aliyeuliza. Kwa Tanzania, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua.